Nambari yetu ya bure ya Marekani: ni ya nani, na inahamaje?

"Assalamu alaykum. Tuna nyumba ya wageni Jambiani, vyumba tisa, na wageni wetu wengi wanatoka Marekani na Kanada. Mwaka 2019 kijana aliyetutengenezea tovuti alituchukulia nambari ya bure inayoanza na 888, yaani mpigaji halipi, tunalipa sisi, na tangu hapo tunalipa dola 25 kila mwezi. Sauti inakatika sana, na tumepata kampuni nyengine tunayotaka kuhamia. Ya zamani imetujibu kuwa nambari ni yao, na tukiitaka tulipe dola 600. Kijana yuko Dar es Salaam na simu zetu hapokei kila siku. Jamaa mmoja ametwambia tutume neno HAMA kwenda 15080. Mwengine anasema tufunge akaunti, kisha tuiombe nambari upya kwa kampuni mpya. Nambari hii imo kwenye vipeperushi vyetu, kwenye mikoba tunayowapa wageni, na kwenye vitabu vya mawakala wawili wa safari wa hukohuko. Tufanye nini tusiipoteze?"

Wa alaykum salaam. Kabla ya jengine lolote: akaunti ya zamani msiifunge. Iacheni hai na mlipe bili yake kama kawaida mpaka nambari iwe inalia kwa kampuni mpya na mmeshaijaribu. Aliyekushaurini muifunge kisha muiombe upya amekutakieni kheri, lakini hakuna njia fupi ya kuipoteza kuliko hiyo. Nambari ya bure ya Marekani ikifungwa huwekwa kando kwa muda unaoweza kufika miezi 4, kisha inarudi kwenye kapu la wote, na hapo anayewahi ndiye anayeichukua. Nambari iliyokwisha kutumiwa na biashara ina watu wanaoivizia, kwa sababu simu za wateja wa zamani zinaendelea kuingia. Mgeni mwenye kipeperushi chenu mkononi atapiga, na atakayempokea ni mtu anayeuza kitu kengine kabisa.

Na ile HAMA? Huduma hiyo ni ya kweli, ilianza Tanzania mwezi wa Machi 2017, lakini ni ya nambari za simu za mkononi za hapa nchini, kwa anayetoka mtandao mmoja kwenda mwengine. Nambari ya 888 imo katika mpango wa nambari wa Amerika ya Kaskazini, wenye msimbo wa nchi 1, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, haina nguvu juu yake. Nambari za bure za kwetu ni zile za 0800, na habari yake ni mbali. Hapa tunafuata kanuni za FCC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano.

Sasa tuje kwenye neno zito: "nambari ni yetu". Kwa kanuni za FCC, kampuni inayokuuzieni huduma haimiliki nambari. Na nanyi pia hamuimiliki kwa maana ile ya kumiliki shamba au boti. Nambari ni rasilimali ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Nambari zote za bure za kule, yaani za 800, 888, 877, 866, 855, 844 na 833, zimeandikwa katika daftari moja kuu la kompyuta linaloendeshwa na shirika liitwalo Somos. Wanaoruhusiwa kuandika na kubadilisha kitu ndani ya daftari hilo ni kampuni maalumu ziitwazo RespOrg, na kila nambari iko chini ya RespOrg moja tu kwa wakati mmoja. Kampuni mnayoilipa inaweza kuwa RespOrg yenyewe, au, kama ilivyo mara nyingi kwa kampuni ndogo, ni muuzaji wa rejareja aliyekaa mgongoni mwa RespOrg nyengine. Wa tatu ni mteja. Kanuni zinamtambua kuwa mteja ni yule aliyeiomba RespOrg imhifadhie nambari, na ndiye mwenye sauti ya kusema ihamie wapi.

Ukiwaza simu inavyosafiri, utaona kwa nini daftari hilo ndilo lenye nguvu. Mgeni wenu yuko Chicago, anabonyeza 1-888 na tarakimu saba. Mtambo wa kampuni yake ya simu haujui 888 hiyo iko wapi, kwa sababu nambari ya bure haina mji. Kwa hivyo kwanza unauliza daftari: hii inabebwa na nani? Jibu linarudi kwa muda mdogo sana, simu inakabidhiwa kwa mbebaji aliyetajwa, naye anaipeleka kwenye mtambo wa kampuni yenu, ambao unaisukuma kwa intaneti mpaka simu ya mapokezi ya Jambiani. Kuhama, basi, ni kubadilisha mstari mmoja kwenye daftari. Zamani haikuwezekana hivyo: tarakimu tatu zilizofuata 800 ndizo zilizoonyesha kampuni, na ukiihama kampuni unaiacha nambari. Mpango huo ulikwisha Mei 1993, na tangu hapo mteja anahama na nambari yake.

Kwa hivyo haki ya kuhama ipo. Suali ni kama iliandikwa kwa jina lenu, na mimi hapo ndipo ninapoona hatari yenu ilipo, kuliko hata hizo dola 600. Mwaka 2019 aliyejaza fomu ni kijana. Akiwa aliandika jina la nyumba yenu na barua pepe yenu, mko salama. Akiwa aliandika jina lake, au la kampuni yake ya tovuti, basi mbele ya daftari mteja ni yeye, hata kama kila senti imetoka mfukoni mwenu. Na iko hali ya tatu: baadhi ya kampuni hukodisha nambari. Zinajiandika wao kuwa wateja, na mkataba wanaokupa ni wa kutumia tu. Ikiwa mlisaini mkataba wa namna hiyo, maneno yao "ni yetu" yana mguu wa kusimamia.

Waandikieni kwa barua pepe, msipige simu, muwaulize mambo manne na muombe jibu la maandishi. Jina la mteja lililoandikwa kwenye akaunti ni lipi, herufi kwa herufi? Anwani iliyoandikwa ni ipi? RespOrg inayoishika nambari hii ni ipi? Na dola 600 ni malipo ya nini hasa, kwa kifungu gani cha mkataba? Suali hili la mwisho lina uzito, kwa sababu kuiuza nambari ya bure kumekatazwa na FCC; zilizoruhusiwa kuuzwa baadaye ni zile chache zilizopatikana kwa mnada, kama ule wa nambari za 833 wa mwaka 2019. Ya 888 mliyoichukua kwa kuomba haimo. Wakijibu kuwa dola 600 ni bei ya nambari, mna hoja kubwa mikononi. Wakijibu kuwa ni gharama ya kuvunja mkataba kabla ya muda, hilo ni deni la mkataba, huenda halali, na linajadiliwa peke yake. Ada ndogo ya kushughulikia uhamisho nayo hutozwa na baadhi yao, lakini si ya mamia ya dola.

Wasipojibu, kampuni mpya inaweza kutazama wenyewe RespOrg ni nani. Kwao ni kazi ya dakika chache. Somos nao humsaidia mwenye nambari kujua RespOrg yake.

Likibainika jina ni la kijana, hilo lishughulikiwe kwanza, kabla ya fomu yoyote ya kuhama. Mwambieni kwa upole, maana huenda hakukusudia ubaya: watengenezaji tovuti wengi hujaza majina yao kwa sababu ndiyo njia ya haraka siku ile. Mnachomuomba ni kuingia kwenye akaunti na kubadilisha jina la mteja liwe la biashara yenu kama lilivyo kwenye cheti cha BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar), abadilishe barua pepe kuu, kadi ya malipo, na ile nambari ya simu inayotumiwa msimbo wa kuthibitisha. Hiyo ya mwisho husahaulika, halafu kila mkitaka kuingia msimbo unakwenda Dar. Mpeni karatasi fupi ya kusaini kwamba nambari aliichukua kwa niaba yenu na kwa fedha zenu, na hana dai juu yake. Mkiwa naye mezani, mwulizeni pia jina la tovuti limeandikwa kwa nani. Ugonjwa ni huohuo, na dawa ni hiyohiyo.

Kabla hamjatumia nguvu zote hizo, niwaombeni mhakikishe kwamba anayekata sauti ni kampuni kweli. Simu moja ya intaneti kwa sauti ya kawaida inataka kiasi cha kilobiti 90 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Ni kidogo, lakini inataka njia iliyotulia. Intaneti ya wageni na simu ya mapokezi vikiwa kwenye ruta moja, jioni wageni wakianza kutazama video, sauti itakatika hata mkihamia kampuni bora duniani. Fanyeni hivi: kwa siku mbili pokeeni simu kwa data ya simu ya mkononi, si kwa Wi-Fi ya nyumba. Ikiwa sauti inatengemaa, tatizo liko kwenu. Ingieni kwenye ruta mtafute kipengele kiitwacho SIP ALG, mkizime. Kinadai kusaidia simu za intaneti, na mara nyingi ndicho kinachosababisha upande mmoja usisikie wa pili au simu ife baada ya sekunde thelathini. Ikiwa bado inakatika kote, ulizeni sauti inapita mtambo wa nchi gani. Inayozunguka pwani ya magharibi ya Marekani kabla ya kufika Unguja inachelewa kiasi cha watu kusemeana juu, na kampuni yenye mtambo Ulaya inaweza kupunguza hilo.

Tuseme mmejaribu, na kosa ni la kampuni. Fungueni akaunti kwa kampuni mpya na mchukue nambari ya majaribio ya bei ndogo. Itumieni wiki nzima. Wekeni kila kitu tayari: salamu ya kupokelea, simu ya mapokezi, ya meneja, saa za usiku, ujumbe wa sauti. Siku nambari inapohamia, nyumba yake iwe imeshapangwa.

Kisha kampuni mpya itakupeni barua ya idhini, ambayo kwenye fomu zao imeandikwa LOA. Ni ukurasa mmoja tu, na karibu kila uhamisho unaokwama hukwama kwenye ukurasa huo. Jina la mteja liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye akaunti ya zamani. Bili ikiwa na neno Limited na nyinyi mkaliacha, wanaweza kuirudisha. Anwani ndiyo inayosumbua zaidi watu wa kwetu. Sisi tumezoea S.L.P. na jina la kijiji, na fomu zao zinataka mtaa, jimbo na msimbo wa posta, kwa hivyo huenda kijana alijaza anwani ya Marekani iliyomjia ili fomu ikubali. Basi anwani iliyomo ndiyo itakayolinganishwa. Ama muiandike hiyohiyo, ama, na hivi ndivyo ninavyopendelea, muirekebishe kwanza kwenye akaunti ya zamani kisha mjaze barua kwa anwani ya kweli. Saini iwe ya mtu aliyeidhinishwa kwenye akaunti, tarehe iwe ya karibuni, na muambatanishe bili ya mwezi wa mwisho inayoonyesha jina na nambari yenyewe. Bili inayoonyesha "huduma ya simu, dola 25" bila kutaja nambari huwa haitoshi, kwa hivyo ombeni yenye nambari. Akaunti ikiwa na neno la siri la kuhamisha au kufuli ya kuzuia uhamisho, ifungueni siku mnayopeleka barua. Na kama mnadaiwa mwezi, lipeni. Deni lisiwe kisingizio.

Ikirudishwa, msivunjike moyo na msitume barua ileile mara ya pili. Ulizeni sababu. Mara nyingi ni jina, anwani, bili ya zamani, au barua imepelekwa kwa RespOrg isiyo yenyewe kwa sababu kampuni yenu ya zamani ni muuzaji wa rejareja tu. Kila moja ina tiba yake, na ukirekebisha moja husika inapita. Kwa jumla hesabuni wiki moja hadi mbili mambo yakienda vizuri, na zaidi yakirudishwa. Msipange jambo hili mwezi wa Julai wala Disemba, nyumba ikiwa imejaa. Kipindi cha masika, wageni wakiwa wachache, ndicho chenyewe.

Siku ya kuhama iombeni iwe Jumanne au Jumatano. Kubadilisha mstari wa daftari hufanywa saa za kazi za Marekani: saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwenu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao. Pawe na mtu mwenye kuelewa, amekaa kwenye kompyuta kuanzia saa hizo mpaka usiku. Mkiiacha Ijumaa na kukatokea kasoro, mafundi wao wengi watakuwa mapumzikoni mpaka Jumatatu jioni ya kwenu.

Na kujaribu, msijaribu kwa laini zenu za hapa. Nambari ya bure ya kule imetengenezwa kwa wapigaji wa kule. Kutoka Zanzibar inaweza isiingie kabisa, au iingie kwa malipo ya simu ya nje, na mtadhani uhamisho umeharibika kumbe mzima. Muombeni wakala wenu mmoja wa safari apige kutoka Marekani kwa simu ya mkononi, na mgeni wa zamani apige kutoka Kanada. Kanada isisitizwe, kwa sababu eneo la kupigiwa huchaguliwa ndani ya daftari, na kampuni mpya ikiweka Marekani pekee, wageni wa Toronto watakuta nambari haifanyi kazi na nyinyi hamtajua. Waulizeni pia Hawaii, Alaska na Puerto Rico zimo au hazimo.

Ikiwa nambari hii mnaitumia pia kwa ujumbe mfupi, jueni kwamba ujumbe una usajili wake mbali na sauti. Sauti inaweza kuhama na ujumbe ukabaki kwa kampuni ya zamani. Ombeni vihamishwe vyote viwili, na muwe tayari kuthibitishwa upya, kwa sababu tangu mwisho wa Januari 2024 ujumbe unaotumwa kutoka nambari za bure zisizothibitishwa unazuiwa.

Gharama nazo ziangalieni kwa makini. Kwenye nambari ya bure anayelipa dakika ni mwenye nambari. Mkielekeza simu ziingie kwenye laini ya mkononi ya Tanzania, mtalipa dakika ya kupokea kule na dakika ya kuileta huku, na hii ya pili ndiyo inayouma. Kupokea kwa programu kwenye simu au kompyuta ni nafuu zaidi. Akitokea mtu kuwaambia atakushushieni simu kwenye laini za kawaida za hapa kwa bei ya chini kabisa, mkataeni: kupitisha simu za nje kwa njia za kukwepa mitambo rasmi ni kosa kwa sheria ya Tanzania.

Je, inafaa taabu yote hii? Kwa nyumba inayoanza leo ningesema hapana. Wamarekani wengi siku hizi wana dakika zisizo na kikomo, na nambari ya kawaida ya mji wa kule pamoja na WhatsApp vingetosha. Lakini yenu imeshachapishwa, na vitabu vya mawakala haviko mikononi mwenu. Nambari ya namna hiyo inastahili kupiganiwa. Kama kijana haonekani na kampuni inakaza, ipo njia ya katikati: chukueni nambari mpya kwa jina lenu wenyewe, anzeni kuichapisha sasa, na ile ya zamani iacheni ielekezwe kwenye hiyo mpya kwa mwaka mmoja au miwili kwa dola 25 zilezile. Mtakuwa mnalipa mara mbili kwa muda, lakini hamtompoteza mgeni hata mmoja.

Kampuni ikikataa kuhamisha huku jina ni lenu na barua imekamilika, fungueni malalamiko ya kawaida FCC. Ni bure, yanajazwa mtandaoni, na yakipelekwa kwa kampuni hupewa siku 30 kujibu. Ambatanisheni jibu lao kuhusu dola 600. Mara nyingi kampuni hulegea ikiona malalamiko yana karatasi.

Msimamo wa kijana ukiwa mgumu, akadai nambari ni yake au akataka fedha, hapo msiendelee kuandikiana naye kwenye simu. Nendeni kwa wakili mjini, mkiwa na cheti cha BPRA, risiti za malipo tangu 2019, ujumbe wa makubaliano ya siku ile hata kama ni wa WhatsApp, na nakala moja ya kipeperushi chenye nambari. Barua moja ya wakili kwa kawaida ina bei ndogo kuliko dola 600. Nendeni kwa wakili pia kama mlisaini mkataba wa kukodi, kabla ya kulipa chochote, akusomeeni kifungu cha kuvunja. Na kama kampuni ya zamani ni ya hapa Tanzania, inauza huduma kwa leseni ya hapa, malalamiko juu ya huduma na bili pelekeni afisi ya TCRA ya Zanzibar, ingawa nambari yenyewe itaendelea kufuata kanuni za kule.

Nambari ikishahamia na simu za Marekani na Kanada zikaingia, ngojeni wiki moja zaidi, halafu ndiyo muifunge akaunti ya zamani, kwa barua pepe, mkitaja tarehe na mkiomba bili ya mwisho. Kuhama kwa nambari peke yake hakufungi akaunti, na zile dola 25 zitaendelea kukatwa kwenye kadi kila mwezi mpaka muandike.